Kidonge Huanza, Utumbo Humaliza: Minyoo na Kinga ya Mwili katika Delta ya Rufiji

Kwenda Salale, Maparoni au Kiongoroni ni safari ya maji. Boti hufuata mkono wa mto katikati ya mikoko, na anayechelewa maji yakapwa hukaa akisubiri yajae tena. Katoni za dawa za minyoo hupita njia hiyo hiyo, pamoja na unga, saruji na abiria. Mwisho wa safari hiyo ndefu mtoto hupewa kidonge kimoja cha albendazo cha miligramu 400, anakitafuna, anashushia maji, anarudi kucheza. Kwa aliyebeba katoni, kazi imekwisha. Ndani ya utumbo wa mtoto, ndiyo kwanza inaanza.

Albendazo haimsukumi mnyoo nje. Inachofanya ni kushika protini inayojenga nguzo ndogo ndani ya seli zake, hata akashindwa kufyonza sukari na kuishiwa nguvu kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kumtoa pale alipojishikiza ni kazi ya utumbo wenyewe, kwa ute wake, maji yake na misuli yake, na nyuma ya vyote hivyo kuna kinga ya mwili inayotoa amri. Kwa miaka thelathini iliyopita watafiti wamekuwa wakiuliza kama kuna kemikali zinazoweza kuamsha amri hizo pale zinapofifia. Zipo. Baadhi bado ziko maabara kwenye matumbo ya panya. Nyingine zimo tayari kwenye masanduku ya dawa ya Pwani, ingawa hazijulikani kwa sifa hiyo.

Kibiti, wilaya ya delta hii, ni mahali pazuri pa kulipima suala hili, kwa sababu ardhi yake huwarudisha minyoo kwa subira ya ajabu. Delta ya Rufiji ina mikoko ya kiasi cha hekta 53,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo ulioshikana Afrika Mashariki. Juu yake ni bonde la mafuriko, ambako kwa vizazi watu wamelima mpunga na mazao ya mlau, yaani yale yanayopandwa mafuriko yakishapungua. Mwaka 1968 Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya mwinuko, lakini mashamba yalibaki bondeni, na msimu ukifika familia hushuka na kukaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Karibu na maji, shimo la choo halidumu: likichimbwa linajaa, mvua ikizidi linabomoka.

Tope lililofunikwa na maji si makao mazuri ya mayai ya safura, kwani yanahitaji hewa, na chumvi ya delta ya chini huwaua viluwiluwi. Wanachokipenda ni mchanga wenye unyevu na kivuli. Chini ya mkorosho, chini ya mnazi, kwenye kinjia kati ya dungu na ukingo wa shamba, viluwiluwi hungoja mguu mtupu. Hupenya ngozi, huingia kwenye damu, hupita mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa, na kutua kwenye utumbo mwembamba ambako hukaa miaka. Mnyoo mmoja wa safura wa jenasi ya Necator hunyonya takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Wakifika mia, ni mililita 3 kila siku, zaidi ya nusu kijiko cha chai, kwa mama ambaye pengine ana mimba au ametoka kujifungua.

Sasa tuingie utumboni, kwa sababu huko ndiko kwenye hadithi yenyewe.

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Katikati yao zimo chache zenye kishungi cha vinyweleo kichwani, ambazo wataalamu wa hadubini walizijua kwa miongo mingi bila kujua kazi yake. Mwaka 2016 maabara tatu, za San Francisco, Harvard na Montpellier nchini Ufaransa, zilitoa jibu karibu kwa wakati mmoja: seli za kishungi ndizo walinzi. Zinaonja yaliyomo tumboni kwa vipokezi vya jamii ile ile inayotumiwa na ulimi. Zikimhisi mnyoo, humwaga protini iitwayo interlukini ya 25. Chini ya ukuta kuna kundi la seli za kinga ambalo halihitaji kufundishwa kwanza. Likipata ujumbe huo, hutoa interlukini ya 13, na hiyo hurudi kwenye shina la ukuta wa utumbo na kuamuru seli changa zigeuke kuwa walinzi zaidi na watengeneza ute zaidi. Walinzi wapya huongeza ujumbe, ujumbe huongeza walinzi. Katika panya, duara hilo hujikuza kwa siku chache hata utumbo mzima ukabadilika sura.

Kinachofuata wataalamu hukifananisha na kulia na kufagia. Utumbo hutoa maji, ute huwa mzito na wa aina tofauti, misuli hubana kwa nguvu kuliko kawaida. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba panya wasioweza kutengeneza aina moja tu ya ute, inayojitokeza hasa wakati wa minyoo, walishindwa kuwatoa minyoo mjeledi hata kinga yao nyingine ilipokuwa timamu. Huko Manchester, kundi la Richard Grencis lilikuwa limekwisha kuonyesha mwaka 2005 mbinu nyingine inayostaajabisha. Mnyoo mjeledi hujichimbia kichwa ndani ya safu ya seli za utumbo mpana. Interlukini ya 13 ikipanda, seli hizo huzaliwa na kumenyuka upesi zaidi, kama ngazi ya umeme iliyoongezwa mwendo, na mnyoo hubebwa pamoja na sakafu aliyojichimbia. Watafiti hao walipozuia kwa kingamwili protini moja inayopunguza mwendo wa ngazi hiyo, panya ambao kwa kawaida hubaki na minyoo waliweza kuitoa.

Hapo ndipo wazo la dawa ya kurekebisha kinga linapokuwa kitu halisi. Haimgusi mnyoo. Inagusa sakafu anayoishi. Majaribio mengine ya panya yameonyesha kwamba kuwapa interlukini ya 25 kutoka nje huharakisha kufukuzwa kwa minyoo, na kwamba interlukini ya 4 ya kudungwa iliyofungwa ili isipotee upesi inaweza kuwatoa hata minyoo waliokwisha kustarehe. Mwaka 2018 ikaongezeka habari ya saksineti, kemikali ya kawaida inayotolewa na baadhi ya vijidudu vya tumboni: ikitiwa kwenye maji ya kunywa ya panya, seli za kishungi huamka kana kwamba mnyoo amefika.

Mnyoo naye hakukaa bure. Ameishi na binadamu kwa muda mrefu mno hata amejifunza lugha ya kinga. Timu ya Rick Maizels huko Uingereza ilimchunguza mnyoo mmoja wa panya na kukuta anatoa protini inayoiga ishara ya kutuliza kinga, ingawa kwa umbo haifanani nayo kabisa. Protini yake nyingine huikamata interlukini ya 33, king'ora kinacholia seli zinapojeruhiwa, kabla sauti haijafika mbali. Ndiyo maana mtu wa delta anaweza kukaa na safura miaka bila homa wala maumivu makali, akichoka tu na kukosa pumzi akipanda mwinuko. Kuna jambo la kuumiza zaidi: minyoo mjeledi na wale wakubwa wa chango huwa wengi zaidi kwa watoto, kisha hupungua mtu akikua. Safura haipungui hivyo. Kwa wengi huendelea kuongezeka hadi utu uzima, kana kwamba mwili haujifunzi kitu.

Turudi kwenye masanduku ya dawa. Wazazi waliosoma shule miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka Ketrax. Dawa iliyokuwemo ni levamizo, ambayo humpoozesha mnyoo kwa kuibana misuli yake. Lakini madaktari waliona pia kwamba inachangamsha kinga ya mtu, na mwaka 1990 nchini Marekani iliruhusiwa itumiwe pamoja na dawa nyingine kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Ikaondolewa baadaye katika soko la huko, kwa kuwa kuna watu ambao iliwaporomoshea chembe nyeupe za damu. Katika kidonge hicho kimoja yamo matumaini ya fani hii yote na hofu yake yote.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mnyoo wa kichocho hakai ndani ya uwazi wa utumbo, hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo au ya kibofu, lakini somo lake linagusa minyoo wote. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba dawa hii hufanya kazi hafifu kwa panya walionyimwa sehemu ya kinga yao, na kwamba wakiongezewa kingamwili za wenzao nguvu ya dawa hurudi. Maelezo ni kwamba prazikwanteli hulichanachana gamba la mnyoo, na yaliyokuwa yamefichwa hujitokeza. Kinga ndiyo humalizia.

Ikiwa hayo ni ya panya, Kisumu ilileta ya watu. Kwenye ufuko wa Ziwa Victoria wapo vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama majini siku nzima, na wanaochimba mchanga. Watafiti wa taasisi ya KEMRI wakiongozwa na Diana Karanja waliwafuatilia kwa miaka, wakiwatibu kila walipoambukizwa. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kukaa muda mrefu zaidi bila kuambukizwa tena, ingawa kazi yao haikubadilika. Minyoo iliyokufa ndani yao ilikuwa imeifundisha kinga. Lakini katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002, waosha magari wenye virusi vya UKIMWI na chembe chache za kinga za CD4 hawakupata ukinzani huo kwa kiwango cha wenzao.

Rufiji ina mfano wake. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa kingatiba kisiwani Mafia mwaka 2000, kisha ukavuka kuja bara. Ivermektini na albendazo zimemezwa Rufiji kwa pamoja, awamu baada ya awamu. Baada ya awamu 12, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maambukizi ya matende yalikuwa yameshuka sana, ila hayajakatika. Inafaa kueleza ivermektini hufanya nini. Watafiti wa Marekani na Kanada walionyesha mwaka 2010 kwamba kwa watoto wa mnyoo wa jamii hiyo ya matende, dawa hufunga tundu dogo wanalotolea protini zao. Mnyoo anabaki hai, lakini ule ute wake wa kujificha umekatika, na ikasemwa kwamba ndiyo sababu kinga humwona na kumwondoa kwenye damu kwa haraka isiyoelezeka kwa sumu pekee. Kwa maneno mengine, wakazi wa Rufiji wamekuwa wakimeza dawa ya kurekebisha kinga kwa miaka, hata kama kikaratasi cha maelezo hakisemi hivyo.

Anayetaka kujua kinga inafanya kazi kiasi gani kila siku aangalie inapozimwa. Kuna mnyoo mdogo aitwaye Strongailoidi, ambaye watafiti wa Ifakara wamemkuta kwa watoto wa Bagamoyo. Huyu anaweza kuzaana ndani ya mtu yule yule kwa miongo kadhaa, akishikwa breki na kinga tu. Mgonjwa akipewa deksamethasoni, dawa inayozima kinga, breki inaachia, na minyoo inaweza kusambaa hadi mapafuni na kwenye ubongo. Wakati wa UVIKO, deksamethasoni ilipokuwa ikiokoa watu wengi, madaktari walionya kwamba mgonjwa kutoka nchi za joto apimwe au apewe ivermektini kwanza. Dupilumabu, dawa ya pumu na ukurutu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, hufunga mlango wa interlukini za 4 na 13, zile zile zinazoamuru utumbo kulia na kufagia. Maelezo yake yanataka mgonjwa mwenye minyoo atibiwe kwanza.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ndio unaowafanya watafiti kusita. Ikiwa kuzifunga interlukini hizo kunatuliza pumu, kuziongeza kunaweza kuichochea. Entebbe, Uganda, ilionyesha hatari hiyo bila mtu kukusudia. Kati ya mwaka 2003 na 2005 wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa katika utafiti wa dawa za minyoo. Watoto wa akina mama waliopewa albendazo walipata ukurutu zaidi utotoni kuliko wa akina mama waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huenda mnyoo alipoondoka, utulivu aliokuwa ameulazimisha uliondoka naye. Hiyo si hoja ya kumwachia mama safura imnyonye. Ni onyo kwa yeyote anayedhani interlukini inaweza kugawiwa shuleni kwenye kopo kama albendazo. Dawa ya aina hiyo ingehitaji kuishia utumboni bila kugusa mapafu, iwe nafuu, na isiharibike kwenye joto la boti. Kwa sasa hakuna.

Njia iliyo karibu zaidi ni chanjo, yaani kuifundisha kinga badala ya kuisukuma. Chanjo mbili za safura, zilizotokana na kazi ya Peter Hotez na wenzake, zimefikia hatua ya kujaribiwa kwa watu nchini Gabon. Protini zilizochaguliwa ni zile ambazo mnyoo huzitumia kumeng'enya damu, ili kingamwili ziingie naye kwenye mlo wake.

Lakini kuna virekebisha kinga ambavyo havihitaji maabara, navyo vimeandikwa kidogo mno katika mijadala ya afya ya Pwani. Panya waliopunguziwa protini au madini ya zinki katika majaribio ya Marilyn Scott na Kristine Koski wa Chuo Kikuu cha McGill walibaki na minyoo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kinga ya kuwatoa ilidhoofika. Delta ina samaki, kamba na kaa. Je, vinavyovuliwa Nyamisati vinabaki kwenye sahani ya nyumbani, au vinapakiwa barafu kwenda Dar es Salaam? Swali hilo linaonekana la biashara. Kwa mtazamo wa utumbo, ni swali la dawa.

Vitamini A inalitatiza jambo hili kwa namna ya kuvutia. Mara mbili kwa mwaka watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwa pamoja. Mwaka 2014 kundi la Yasmine Belkaid huko Marekani liligundua kwamba panya waliokosa vitamini A walipoteza kinga dhidi ya bakteria, lakini seli zao za kufukuza minyoo ziliongezeka. Mwili wenye njaa ulikuwa umepanga upya ulinzi wake, ukaamini adui wa kudumu ni mnyoo. Hakuna anayepaswa kuacha matone kwa sababu hiyo, maana mtoto anayahitaji kwa macho yake na dhidi ya surua. Lakini ugunduzi huo unaufanya utaratibu wa kutoa vyote viwili siku moja uwe wa busara kuliko pengine walivyojua waliouanzisha: matone yakijenga ulinzi upande mmoja, kidonge kinaziba pengo upande wa pili.

Wakati huo huo dawa za kumpiga mnyoo mwenyewe zinasonga mbele, na Pemba imekuwa uwanja wao. Dhidi ya mnyoo mjeledi, albendazo peke yake ni dhaifu: katika jaribio la emodepsaidi lililofanyika kisiwani humo na kuchapishwa mwaka 2023, iliwaponya 5 kati ya 30, wakati dozi ndogo kabisa ya dawa mpya iliponya 25 kati ya 30. Mwanzoni mwa 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukubali kidonge kimoja chenye ivermektini na albendazo, kilichojaribiwa pia Kwale, Kenya. Ni habari njema. Kwa mkulima wa Kibiti, hata hivyo, kidonge chenye nguvu zaidi kinachogawiwa shuleni bado ni cha mtoto wake.

Kwale hiyo hiyo iliuliza swali la watu wazima kwa uwazi. Utafiti wa TUMIKIA, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha makundi 120 ya jamii. Palipotibiwa wanafunzi tu kwa mwaka, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 katika jamii nzima. Palipopitiwa nyumba kwa nyumba, watoto kwa watu wazima, mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya mikono ya watu wazima iliyofikiwa na kidonge.

Pwani ya Tanzania ilikuwa na njia ya kuwafikia, na haikuitwa dawa ya minyoo. Kingatiba ya matende ilimezwa na wakubwa na wadogo, na kila awamu albendazo na ivermektini ziliishukia safura na Strongailoidi pia. Utaratibu wa kutokomeza matende unataka ugawaji usimamishwe wilaya ikifuzu vipimo. Siku hiyo mtu mzima hupoteza kidonge chake cha minyoo, kwa sababu ya ushindi dhidi ya ugonjwa mwingine. Aliye na miaka 35, analima mpunga bondeni, kinga yake imezoeshwa kunyamaza na safura, hatapata nafasi ya kufundishwa kama waosha magari wa Kisumu walivyofundishwa na tiba ya mara kwa mara. Ni kosa linaloweza kuepukwa kwa kuamua mapema kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii waendelee kubeba albendazo nyumba kwa nyumba katika kata za delta, na wapime wekundu wa damu wa wanawake wanapofanya hivyo.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti, na maji ya namna hiyo hayachagui shimo la choo la kuliacha. Mvua za kupandia zikianza, familia za Mbuchi na Msala hushuka tena na majembe na mbegu, wengi pekupeku, na wengi wao majina yao hayamo kwenye daftari la shule yoyote.